Walipatana kuhusu ubao, wakashtakiwa kwa bei

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kanda

Lori la mbao likishafika sokoni, ugomvi wa kwanza mara nyingi si wa bei. Ni wa ubao wenyewe. Mzigo umepakiwa Mafinga ukiitwa "mbili kwa nne", lakini mnunuzi wa Nairobi akitoa futi yake anapata moja na robo tatu kwa tatu na nusu. Muuzaji anasema hili ni daraja la kwanza. Mnunuzi anaonyesha fundo, anaonyesha ufa, anaonyesha gome lililobaki ukingoni. Wakati huo mzigo umeshavuka Namanga, hati za misitu zimeshalipiwa, na dereva anataka kugeuza. Mwenye mzigo anapunguza bei. Hajakubali kwamba mbao zake ni mbovu; hana tu pa kuzipeleka.

Ugomvi huu umekua pamoja na biashara yenyewe. Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya serikali mwaka 1999, na iliposimamisha tena kuanzia Februari 2018 hadi 2023, mbao za paini za Mufindi na Njombe zilizidi kutafutwa upande wa kaskazini. Wapasuaji wengi wa huko hutumia zile mashine ndogo wanazoziita ding'dong, na kila fundi ana msumeno wake na jicho lake. Wauzaji na wanunuzi hujuana kwa simu kabla ya kujuana kwa sura. Watu wa namna hiyo wakishaumizana mara mbili tatu, kinachofuata ni mtu mmoja kusema: jamani, tuunde chama.

Chama cha kufanya nini hasa? Swali hilo ndilo lililonifanya niisome historia ya vyama vya mbao ngumu vya Marekani, nchi ambayo ilipita njia hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nusu ya kwanza ya historia hiyo kila mfanyabiashara angependa kuiiga. Nusu ya pili iliishia Mahakama ya Juu.

Kila mji na kanuni yake

Mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vya kupasua mbao vya Marekani vilikuwa porini, karibu na magogo, na wanunuzi walikuwa mijini: watengeneza samani, magari ya kukokotwa na farasi, mapipa, milango. Kati yao kulikuwa na reli ndefu. Mwaloni uliopasuliwa kusini uliuzwa Chicago, au New York, au Boston, na kila soko kubwa lilikuwa na kanuni zake za kupanga madaraja. Ubao uliohesabiwa daraja la kwanza kiwandani ungeweza kushuka daraja ulipopokelewa, kwa sababu mkaguzi wa kule alikuwa akifuata kitabu kingine, na mara nyingi alikuwa analipwa na mnunuzi.

Ubaya wake ni rahisi kuuona. Bei ikishuka mzigo ukiwa njiani, macho ya mpokeaji huanza kuona mafundo mengi zaidi. Bei ikipanda, muuzaji naye huanza kuchanganya mbao za daraja la chini akijua mwenzake hana muda wa kukataa mzigo. Kila upande ulikuwa na hadithi zake za kuibiwa, na nadhani pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli.

Mwaka 1898, wafanyabiashara wa mbao walikutana Chicago wakaunda Chama cha Taifa cha Mbao Ngumu, kinachojulikana mpaka leo kwa herufi zake NHLA. Shabaha yake ilikuwa moja: kanuni moja ya kupima na kupanga madaraja ya mbao ngumu, itakayotumika kila mji.

Mtu wa tatu mwenye futi

Inafaa kukaa kidogo kwenye namna kanuni hizo zinavyofanya kazi, kwa sababu mantiki yake si ile tuliyoizoea. Sisi tukitazama ubao tunauliza: una kasoro ngapi? Kanuni ya NHLA inauliza: ukiukatakata ubao huu ukaondoa kasoro zote, utabaki na mbao safi kiasi gani? Seremala wa samani hatumii ubao mzima hata siku moja. Anakata mguu wa kiti, anakata ubavu wa kabati. Fundo moja katikati ya ubao mpana halimsumbui, mradi pande mbili zilizobaki ni ndefu za kutosha.

Kwa hiyo daraja la juu, linaloitwa FAS, yaani la kwanza na la pili yakiwa yamechanganywa, linataka ubao usiopungua inchi 6 kwa upana na futi 8 kwa urefu, na sehemu safi zifikie kumi kwa kumi na mbili za ubao, karibu asilimia 83. Wala sehemu hizo haziwi vipande vya kuokoteza: kila kimoja kiwe angalau inchi 4 kwa futi 5, au inchi 3 kwa futi 7. Daraja linalofuata, la kawaida namba 1, linapokea ubao wa inchi 3 kwa futi 4, na sehemu safi nane kwa kumi na mbili, ambazo ni theluthi mbili. Chini yake kuna daraja ambalo nusu tu ya ubao ikiwa safi inatosha. Kwa kawaida mkaguzi hutazama upande mbaya wa ubao, si ule mzuri unaowekwa juu ya lundo. Wauzaji wetu watalielewa hilo bila maelezo.

Kanuni kwenye karatasi haimalizi ugomvi. Kilichoipa NHLA nguvu ni wakaguzi walioajiriwa na chama chenyewe, si na muuzaji wala mnunuzi, na cheti chao kilichokuwa na dhamana ya fedha ya chama nyuma yake. Mnunuzi akilalamika, anatakiwa auache mzigo jinsi ulivyo, asiutumie wala asiuchanganye, mpaka mkaguzi aje aupime upya. Muuzaji akionekana amekosea kupita kiasi kinachovumiliwa, gharama ni zake. Akionekana sahihi, mlalamikaji ndiye anayelipa ukaguzi. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo lililowapunguza walalamikaji wa uongo kuliko hotuba yoyote.

Mwaka 1948 chama hicho kilifungua shule ya wakaguzi mjini Memphis, jimbo la Tennessee, katikati ya eneo la mbao ngumu. Makao makuu nayo yakahamia huko. Wanafunzi hujifunza kutazama ubao, kuhesabu sehemu safi kichwani na kutaja daraja kabla ubao unaofuata haujafika mkononi.

Niongeze tahadhari moja kwa wauza paini: kanuni hizi ni za mbao ngumu zinazokwenda kukatwa. Ubao wa kenchi hautumiki vipande vipande. Unabeba paa mzima mzima, na fundo lililokaa ukingoni linaweza kuuvunja. Huko kinachotakiwa kupimwa ni nguvu, na kanuni zake ni nyingine. Anayeuza mninga, mkangazi au mtiki kwa watengeneza samani yuko karibu zaidi na mwaloni wa Wamarekani.

Wenye viwanda wajitenga

Amani hiyo haikukubaliwa na wote. Wenye viwanda waliona NHLA imejaa wauzaji wa jumla na wanunuzi wa mijini, na kwamba kanuni zake zinawapendelea wapokeaji. Mwaka 1902 baadhi yao wakaunda chama chao cha watengenezaji wa mbao ngumu, wakaandika kitabu chao cha madaraja. Kwa miaka mingi nchi ikawa na vitabu viwili. Kanuni iliyoundwa kuondoa mkanganyiko ikapata mshindani. Hatimaye za NHLA ndizo zilizobaki, lakini kabla ya hapo upande wa wenye viwanda ulikwenda mbali zaidi ya madaraja.

Hapa anaingia wakili wa Chicago aitwaye Arthur Jerome Eddy. Huyu ni mtu wa ajabu kidogo: mbali na sheria, alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa michoro ya kisasa wakati watu wengi wa mji wake walikuwa wanaicheka. Mwaka 1912 alichapisha kitabu akidai kwamba ushindani wa kweli ni ule wa wazi. Mfanyabiashara asiyejua mwenzake ameuza kwa kiasi gani, alisema, hashindani, anapapasa gizani. Wenye biashara wapashane habari za mauzo yao halisi, na soko litatulia.

Mwishoni mwa 1918, vita vikuu vikiwa vimekwisha, vyama vya wenye viwanda viliungana kuwa Chama cha Watengenezaji wa Mbao Ngumu cha Marekani. Mara moja kikaanza kutekeleza wazo hilo chini ya jina la Mpango wa Ushindani wa Wazi. Chama kilikuwa na wanachama 400, na 365 kati yao waliingia kwenye Mpango. Kwa hesabu ya viwanda walikuwa asilimia 5 tu ya viwanda vya mbao ngumu nchini. Kwa hesabu ya mbao walizozalisha, walikuwa theluthi moja.

Ripoti za kila siku

Kila mwanachama alitakiwa kupeleka kwa katibu ripoti ya kila siku ya mauzo yote, pamoja na nakala za oda zenyewe. Alipeleka ripoti za mizigo iliyosafirishwa, pamoja na nakala za ankara. Kila mwezi alitaja amezalisha nini, ana akiba gani uwanjani, na orodha yake ya bei. Chama nacho kiliwarudishia muhtasari ulioonyesha nani ameuza nini, kwa nani, kwa bei gani. Mnunuzi hakupewa nakala.

Tena, na hili ndilo lililonifanya niandike makala haya, Mpango ulikuwa na kipengele cha ukaguzi. Wakaguzi wa chama walipita viwandani kuhakikisha kila mmoja anapanga madaraja sawa na wenzake. Sababu yake ni dhahiri ukifikiri. Ripoti inayosema "fulani ameuza namba 1 kwa bei hii" haina maana kama namba 1 ya fulani si namba 1 yako. Ili bei zilinganishwe, ubao lazima kwanza ulingane. Kipimo kilekile kinachomwokoa muuzaji mwaminifu sokoni ndicho kinachowawezesha wauzaji wote kutazamana bei kwa usahihi wa senti.

Mpango ulisimamiwa na meneja wa takwimu, F. R. Gadd. Kazi yake ingeweza kuishia kwenye kujumlisha hesabu, lakini haikuishia hapo. Aliandika barua za soko kwa wanachama na kuwaonya kwamba kupasua mbao kupita mahitaji kutawaletea hasara. Aliwauliza kwa maandishi wanategemea kupasua kiasi gani miezi ijayo na wanaionaje bei. Katika mikutano wanachama walihimizwa wasiongeze zamu, wasizalishe kupita kiasi. Hakuna karatasi iliyosema "tuuze kwa bei hii". Hakuna aliyetozwa faini kwa kushusha bei. Mwaka huo wa 1919 bei za mbao ngumu zilipanda kwa kiwango kisichokuwa cha kawaida, nyingine zaidi ya mara mbili.

Wenye viwanda walikuwa na utetezi, na haukuwa wa kijinga. Mvua zilikuwa kubwa kusini, magogo hayakutoka porini. Vita vilikuwa vimekwisha na kila mtu alikuwa anajenga na kununua samani. Bei zingepanda tu, chama kiwepo kisiwepo.

Majaji wagawanyika

Serikali iliwashtaki chini ya sheria ya Sherman, ile ya kuzuia njama za kibiashara. Mahakama ya chini ikausimamisha Mpango, na tarehe 19 Desemba 1921 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikakubaliana nayo. Jaji John H. Clarke, aliyeandika hukumu, alihoji jambo ambalo mchuuzi yeyote angelihoji: washindani wa kweli wanampa mpinzani wao nakala ya kila ankara kwa sababu gani? Kwake, barua za Gadd na mikutano ile zilionyesha kwamba habari zilikuwa chombo tu. Nia ilikuwa kupunguza uzalishaji na kupandisha bei.

Majaji watatu walikataa. Oliver Wendell Holmes aliona si haki kuwaadhibu watu kwa kujua hali ya soko lao. Louis Brandeis, ambaye McKenna alimuunga mkono, aliandika kwa kirefu kuhusu viwanda vidogo vilivyotawanyika misituni, mbali na masoko, visivyo na njia nyingine ya kujua bei. Kampuni kubwa ina mawakala kila mji; mpasuaji mdogo ana uvumi. Ukiwanyima wadogo haki ya kupashana habari, alionya, utawasukuma waungane wawe kampuni moja kubwa, na hapo ushindani ndio utakuwa umekufa kabisa.

Nimesoma pande zote mbili na moyo wangu uko kwa Brandeis zaidi, pengine kwa sababu nimewaona wapasuaji wadogo wakiambiwa bei na dalali mwenye simu tatu. Lakini barua za Gadd ni ngumu kuzitetea. Mtu anayekupa takwimu za jana amekupa taarifa. Akikuambia upasue kiasi gani kesho, hayo ni maelekezo, hata akiyaita ushauri.

Sakafu za maple

Hukumu hiyo iliwatia hofu wenye vyama nchi nzima, hata wale ambao hawajawahi kugusa bei. Herbert Hoover, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa biashara na aliamini sana katika takwimu, alijaribu kutafuta mstari: kipi chama kifanye, kipi kisifanye. Jibu la mahakama lilikuja mwaka 1925, na kwa bahati lilitoka tena kwenye mbao.

Safari hii washtakiwa walikuwa watengenezaji wa mbao za sakafu za maple, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Walikuwa kampuni 22 tu, nyingi za Michigan, Wisconsin na Minnesota, na zilitoa asilimia 70 ya sakafu za aina hiyo. Kwa hesabu hiyo, wangeweza kulibana soko kuliko wale 365. Nao walikusanya takwimu, za bei, gharama na akiba. Mahakama ikawaachia.

Tofauti ilikuwa kwenye mambo madogo yanayoonekana ya kiofisi. Takwimu zao zilihusu mauzo yaliyokwisha kufanyika. Zilijumlishwa, majina ya wanunuzi hayakuwemo. Zilichapishwa na kupelekwa serikalini, na mnunuzi aliyetaka kuziona aliziona. Katika mikutano yao hapakuonekana makubaliano ya bei ya baadaye wala ya kupunguza uzalishaji. Jaji Harlan Stone aliandika kwamba kukusanya na kusambaza habari za namna hiyo kwa uwazi si njama.

NHLA yenyewe, ile ya 1898, haikuwa mshtakiwa katika kesi yoyote kati ya hizi mbili. Iliendelea kupima mbao.

Na huku kwetu

Wasomaji wanaovuka mpaka wasidhani haya ni ya Marekani pekee. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003, kifungu cha 9, inakataza makubaliano ya washindani kupanga bei, kususia kwa pamoja na kula njama katika zabuni. Kenya imekwenda mbele zaidi: kifungu cha 22 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinavilenga vyama vya wafanyabiashara moja kwa moja. Chama kikipendekeza kwa wanachama wake bei ya kuuzia, pendekezo hilo lenyewe ni tatizo. Kumzuia mtu asijiunge bila sababu ya haki ni tatizo pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina Sheria ya Ushindani ya 2006 kwa biashara inayogusa nchi zaidi ya moja, na lori linalotoka Njombe kwenda Nairobi linagusa mbili.

Katika mazungumzo ya wauza mbao, jambo la kwanza linalotajwa kwenye chama kipya huwa ni bei ya chini ambayo mtu asivuke. Kipimo huja baadaye, au hakiji. Ninaelewa kwa nini: bei inauma leo, na kuajiri mkaguzi asiye wa upande wowote kunahitaji michango ya miezi mingi kabla faida haijaonekana. Lakini mnunuzi wa Nairobi anayepunguza malipo kwa kisingizio cha fundo hatazuiwa na bei ya chini. Atakubali bei hiyo kwenye simu, kisha atashusha daraja uwanjani.

Tazama pia makundi ya simu. Asubuhi mtu anaandika: jana moja kwa nane imeuzwa kwa kiasi fulani, soko limepoa. Huo ni ujumbe ambao watu wa sakafu za maple wangeweza kuutuma. Kisha mwingine anajibu: basi wiki hii tusipakie, na atakayeuza chini ya bei yetu tumtoe kwenye kundi.

Katika kesi ya 1921 serikali haikutegemea makubaliano ya siri yaliyofichuliwa na msaliti. Ilisoma barua za meneja, majibu ya wanachama na kumbukumbu za mikutano, zote zikiwa zimeandikwa na chama chenyewe na kutunzwa vizuri kwenye majalada. Wauza mbao wetu hawana majalada, ila kila mmoja anatembea na nakala ya mazungumzo yote mfukoni.